Shamba Alilong'oa Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Wamaza, mwanangu, wewe ukiwa bado mgongoni kwa mama yako. Nakusimulia kwa sababu jana nimeshuka kwenye pikipiki hapa Kabambare, na kabla sijakung'uta vumbi naambiwa unataka kung'oa mihogo yote kwa kuogopa wezi. Yote! Nimezunguka miaka mingi, nikiota moshi wa jiko lenu, na hiyo ndiyo habari inayonipokea.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimetoka kuchimba dhahabu Lusangi. Baba yako, kaka yangu Josefu, alikuwa shemasi. Wezi walikuwa wameng'oa mihogo ya mtu mmoja ng'ambo ya mto, na baba yako akakosa usingizi.

"Shamba haina mulango," akasema. "Nyumba iko nao. Tunang'oa yote leo."

Mama yako aliacha kutwanga. "Yote? Na utaiweka wapi, Baba Neema? Mu mufuko ya shati?"

"Mungu atatusaidia."

"Si alishatusaidia? Aliiweka mu udongo. Humo haiozi."

Hakusikia. Tuling'oa mpaka jioni. Nyumba ikajaa mihogo hadi chini ya kitanda. Wewe mwenyewe unajua muhogo ukishatoka ardhini haungoji mtu. Mihogo yetu ilikuwa michungu, ya kulowekwa kwanza ili sumu itoke, na kidimbwi cha kulowekea kilikuwa cha wanawake wote wa mtaa, nao hawakuwa tayari kumwachia shemasi zamu zao. Tulichokata tukaanika, mvua ikanyesha juu yake. Siku chache tu, ukiuvunja muhogo, ndani una mistari myeusi, na nyumba inanuka hata wageni wanasalimia wakiwa nje. Tulitupa karibu yote. Dada yako Neema alianza kulala mapema ili asisikie njaa, na shamba jipya lilihitaji karibu mwaka mzima.

Na wezi? Hawakuja. Tulijiibia wenyewe.

Jirani yetu alikuwa Bibi Zaituni, mjane Mwislamu mwenye ulimi usio na breki. Alikuja akasimama mlangoni, kitambaa puani.

"Shemasi, kila magaribi nakusikia kwa lupango, hapa kwa ua yetu. Unaomba Mungu chakula ya leo. Ya leo, ndivyo unasema. Sasa nani alikutuma kung'oa ya mwaka?"

Baba yako akainamisha kichwa. "Bibi, niliogopa kwa ajili ya watoto."

"Watoto ndio nawaonea huruma, si wewe. Mihogo yangu iko mitamu, ya kuchemsha. Ukuje kila asubuyi, ung'oe ya siku ile. Ya siku ile, Josefu. Nitakuwa naangalia, maana nakujua."

Akaenda. Kila asubuhi, mvua au jua, shemasi alipita kwa jirani na kikapu kitupu, akabisha hodi, akarudi na chakula cha siku moja. Mwanzoni alirudi amekunja uso. Baadaye nikamsikia akisali ile sala polepole, akikaa kwenye neno "leo" kama mtu anayelisoma mara ya kwanza. Mlikula hivyo mpaka shamba letu likakomaa. Hakuna aliyelala njaa tena.

Sasa wewe, uliyelelewa na mihogo ya Bibi Zaituni, unanoa panga. Mwanangu, unanichosha. Kumtegemea Mungu si kukaa bure: lala kwenye kibanda cha shamba, funga mbwa pale, palilia, panda vijiti vipya. Lakini alichokuwekea ardhini usikitoe kwa hofu ukaja kukiozesha chini ya kitanda chako. Ng'oa cha leo. Na jirani akija na kikapu kitupu, usimuulize maswali mengi. Huenda wewe ndiye jibu la sala yake.

Rudisha hilo panga ukutani. Mungu aliyemlisha baba yako kwa mkono wa jirani akupe cha leo, alinde cha kesho pale alipokiweka, na akujalie usingizi.