Kiti Kina Mwenyewe

Kwa miezi minne nilizungumza na Kiprono kwa simu tu. Mimi ni mjane wa mtaa wa Free Area, ninayepika chai ya kikombe kimoja, na sauti yake ndiyo iliyonipa usingizi. Picha nilikataa. Nilijigamba kwamba mimi naangalia roho.

Jumamosi tukapanga kuonana hotelini Rongai. Nikavaa wigi jipya. Mara mzee mmoja aliyevaa gambuti, yale mabuti ya mpira ya shambani, vumbi la mahindi hadi kwenye kope, akavua kofia na kushika kiti mbele yangu.

"Mzee, hicho kina mwenyewe," nikamwambia kabla hajasalimia.

Akarudisha kofia kichwani, akaenda zake meza za nyuma. Nilipochoka kungoja, nikampigia Kiprono. Simu ikalia nyuma yangu.

"Nilifika, Njeri," ile sauti ikasema taratibu. "Lakini kiti kina mwenyewe."