Kiti Kilichopika Ugali

Mwezi uliopita nilikwenda Bariadi mjini kumnunulia binti yangu kitanda. Mwenye duka mmoja akanielekeza nyuma ya soko kwa fundi ambaye, kwa maneno yake, viti vyake havilii. Nikasimama palepale. Rafiki yangu, wewe hukusoma nilikosoma mimi, kwa hiyo vuta subira nikueleze.

Nilisoma shule ya ufundi ya wavulana, ya bweni, nje kidogo ya mji. Tulipelekwa pale sisi tuliowashinda wazazi, pamoja na wale ambao wazazi wenyewe walishindwa na maisha. Asubuhi uji bila sukari, kisha karakana mpaka jua lichoke. Mwalimu wa useremala alikuwa na futi ya mbao aliyopimia mbao asubuhi na kutupigia vidole mchana. Meneja wa shule, mtu mnene mwenye peni mbili mfukoni, alipenda kutuambia kwamba mkono mzembe hauna kinywa. Na bado, naona aibu kusema, harufu ya mbao iliyopigwa randa ikinifikia popote, moyo wangu hufurahi kama mjinga.

Kulikuwa na desturi moja. Hakuna aliyekwenda likizo mpaka atengeneze kiti, na Jumamosi ya mwisho Meneja akikalie mbele ya shule nzima. Alijitupa juu yake, akajitikisa kushoto na kulia mara tatu, na sisi tumebana pumzi. Kiti kikilia, hata kidogo, mpishi alikichukua akakikata kuni za kupikia ugali wa mchana, na mwenyewe alibaki shuleni. Tulikuwa tunachekana kwenye foleni ya chakula: "Leo tunakula kiti cha nani?" Tulicheka sana, kwa kuwa hakuna kicheko kitamu kama cha mtu ambaye si zamu yake.

Muhula ule Meneja akatangaza kwamba madawati ya oda hayajaisha, kwa hiyo useremala utatoa mtu mmoja tu wa kwenda likizo. Viti vilivyokuwa na matumaini vilikuwa viwili: changu, na cha kijana tuliyelala naye vitanda jirani, mtoto wa wafugaji wa Lingeka. Wiki hiyo hiyo alikuwa amepata habari kwamba mama yake, mayu kwa lugha yao, yuko kitandani, hali chakula. Aliniambia mimi peke yangu.

Kiti chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hakuamini gundi ya shule. Alifunga maungio kwa ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama wanavyofanya kwao, akauacha ukauke. Ngozi ikikauka hujikaza, na mguu wa kiti hauchezi tena. Mwalimu aliguna tu, hakukataa.

Mimi nilikuwa na mwaka mzima sijaonja michembe ya bibi yangu kule Nkoma, ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemshwa na kuliwa na karanga. Usicheke. Ijumaa ilikuwa zamu yangu kufagia karakana. Nikalowesha magunia, nikayazungushia kwenye ile mikanda, nikayaficha chini ya vipande vya mbao. Asubuhi nikawahi kuyaondoa. Ngozi ilikuwa laini kama iliyotoka machinjioni jana yake.

Meneja alijitikisa mara moja tu, kiti kikalia kama mbuzi. Changu kikanyamaza. Mchana yule mwenzangu akala ugali uliopikwa kwa kiti chake, tonge kwa tonge, hakubakiza. Kabla ya hapo nilimwona jikoni akiokota kipande cha ukanda na kukiminya kwa vidole. Mtoto wa wafugaji haelezwi ngozi iliyoloweshwa. Akanitazama, kisha akaniambia, "Wewe ndiye unayekwenda. Pita kwetu umwambie mayu nimechelewa, lakini nakuja."

Nilikubali. Sikupita. Lingeka ilikuwa mbali, na michembe ilikuwa mitamu. Niliporudi alikuwa akinisubiri getini, nami nikamdanganya bila kumeza mate: nilifika, mayu anaendelea vizuri, anakusalimia, na maneno mengine mengi. Akashika mikono yangu yote miwili, akasema, "Wabeja," asante ya kwao. Siku ya nne akaja mjomba wake na kofia mkononi. Mama alikuwa amezikwa mwanzoni mwa likizo. Mwenzangu hakuniuliza kitu mpaka tukamaliza shule.

Sasa unajua kwa nini nilisimama pale dukani kabla ya kwenda nyuma ya soko. Alikuwa yeye, mvi kichwani, futi mfukoni.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka." Akanisogezea kiti chenye maungio ya ngozi. "Kaa. Hiki hakijalowa."

Nikakaa. Tukazungumza juu ya shule kama watu wazima: karakana sasa ni ghala la pamba, Meneja amekufa, jiko limebomolewa na matofali yake yamejenga vyoo vya watu. Nilitaka kumwomba msamaha na nikawa natafuta pa kuanzia. Akanitangulia, macho yakiwa kwenye ubao aliokuwa akiupiga randa.

"Zile salamu nilijua ni za uongo tangu siku mjomba alipokuja. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kuniletea salamu za mayu. Mwanzoni nilizikumbuka zote, siku hizi zinanipotea. Alisemaje? Kulikuwa na maneno juu ya ndama wangu."

Akasimamisha randa akasubiri. Nilifungua kinywa. Rafiki yangu, yale maneno niliyatunga mimi mwenyewe, pale getini, kwa ulimi huu huu, na sikukumbuka hata moja.