Mji Alikokula na Mumewe

Ukitaka Nyandeng achelewe kazini, mtajie Bangkok. Mimi, Mama Daisy, ni jirani yake hapa mtaa wa Atlabara, Juba, Mkenya wa benki, na mji huo nimeusikia mpaka naona naujua kuliko Eldoret kwetu. Eti joto lake ni la Juba, ila kule nguo zinakunata mwilini kutwa. Pikipiki zinapanda hadi njia ya waendao kwa miguu na hakuna anayemtukana mwenzake. Wauza nguo walimpima, wakamwangalia juu, wakacheka kwa adabu. Hawakuwa na gauni la kumfika magotini.

Siku ya kwanza tu alikunywa soda isiyokuwa yake. Hapa Juba mtu huweka mtungi wa maji nje ya geti ili mpita njia mwenye kiu anywe. Kule akaona kijumba kidogo juu ya nguzo, na mbele yake soda nyekundu, imefunguliwa na mrija umo ndani. Akadhani ni ukarimu uleule, akaimaliza. Kumbe ilikuwa ya pepo anayelinda kiwanja. Mwenye duka alitoka, akamtazama, akafungua nyingine akaiweka. Bior, mumewe, alicheka mpaka akashika kifua, na kifua hicho ndicho kilichowapeleka huko kwa madaktari wa moyo.

Nyandeng alilelewa Nakuru, lakini Bior alikulia Bor, katika boma ambalo mwanamume hula na wanaume, mke na watoto jikoni. Tangu waoane, Nyandeng alikuwa akimwandalia chakula na kuondoka. Bangkok hakukuwa na kaka wala mjomba wa kuwatazama. Jioni walikaa kwenye vistuli vya plastiki kando ya barabara, sahani moja ya wali katikati. Mara ya kwanza Bior aliangaza kushoto na kulia kama mwizi. Kisha akasukuma nyama upande wa mkewe, akasema, "Kula." Tangu hapo hawakula mbalimbali hata jioni moja, hadi waliporudi nyumbani.

Kurudi Juba, Bior alirudi kwa wanaume wenzake. Mwaka haukuisha, moyo ukamshinda.

"Kaburi lake liko Bor," Nyandeng aliniambia. "Lakini mimi nikimkumbuka, siendi Bor. Naenda kule."

Nilimwonea huruma, na nilichoka pia, sitaficha. Anafanya kazi uwanja wa ndege, anapima mizigo, na kila ndege ikiruka lazima ainue kichwa.

Mwaka huu mdogo wake, Agum, anayeishi mtaa wa Mangateen hapahapa Juba, aliota uvimbe shingoni. Ndugu wakakubaliana apelekwe Bangkok, hospitali ileile, na wa kumsindikiza akawa Nyandeng, maana ndiye anayeijua njia. Alimuuguza Agum vizuri, sina la kumlaumu. Lakini alisuka nywele upya, akanunua viatu vya kutembelea, akawa anaimba akifua.

Jumamosi majibu ya kipimo yakafika tukiwa kwa Nyandeng. Uvimbe si saratani. Daktari wa hapahapa Juba angeutoa, na safari haikuhitajika tena. Shangazi zao wakapiga vigelegele, mchungaji akaomba, Agum akalia kwa furaha. Nyandeng aliimba kuliko wote, machozi yakimtiririka.

Nikamkuta jikoni akimimina chai, kikombe kimejaa na bado anamimina. Nikajifanya mcheshi: "Basi Bangkok imekupita."

Akaweka birika chini.

"Khalas, Mama Daisy," alisema. "Imekwisha. Unajua nilikuwa naomba nini kila jioni?"

"Agum apone."

"Niliomba daktari wa hapa aseme hawezi." Alifuta mikono kwenye lawa yake, ile shuka aliyojifunga begani, polepole. "Huyo ni mtoto wa mama yangu. Na leo waliposema ni mzima, mimi nililia kama nimefiwa, na wote wakanikumbatia wakidhani ni shukrani."