Pua ya Mama Mkunjo

Jina la Mama Mkunjo alipewa na wateja. Suruali iliyopita kwenye pasi yake ilikuwa na mkunjo ulionyooka kama uzi. Ungeiona barabarani ukajua imetoka kwa dobi gani. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia.

Mafua makali yalimlaza Mama Mkunjo kitandani. Alipoinuka alikuwa mzima, ila hakusikia harufu yoyote. Akadhani ni mabaki ya mafua, akarudi kazini. Kisha mwalimu mmoja, mteja wake wa miaka mingi, akarudisha furushi la mashati.

"Mama, leo umeniangusha. Yananuka uvundo. Watoto wameziba pua darasa zima."

Mama Mkunjo akayasogeza mashati puani, akavuta pumzi. Hakuna kitu. Akaomba radhi kwa kosa asiloweza kulihakiki.

Haukupita muda, akaunguza suruali ya sare ya dereva. Pasi ilikuwa imelala gotini mwa suruali huku yeye akipiga soga na mpita njia. Wifi akaja mbio kutoka uani.

"Wifi, unaunguza! Kwani hunusi?"

"Sinusi," akajibu. "Tangu yale mafua, sinusi chochote."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo. Akakaa juu ya rundo la mashuka.

Jioni mumewe akamshauri afunge kwanza. "Dobi asiyenusa ni sawa na…" Hakumaliza, kwa jinsi alivyotazamwa.

"Mikono ninayo, macho ninayo. Sifungi," akasema mkewe.

Daktari wa pua na koo alimfunga macho kwa kitambaa, akampitishia kahawa, ganda la chungwa, kisha sabuni. Kila mara mgonjwa alitikisa kichwa.

"Hii ni anosmia," daktari akasema.

Wifi, aliyekuwa amemsindikiza, akadakia: "Nani ana osmia?"

"Huyu mgonjwa."

"Sasa si umwambie una osmia, daktari? Mwenyewe yupo hapa hapa, unamsema kama hayupo!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Akaeleza kuwa ni neno moja tu la kitabibu, maana yake kupotewa na uwezo wa kunusa. Mafua yalikuwa yamejeruhi mishipa inayopeleka harufu kwenye ubongo. Huenda ingepona, huenda isipone. Kidonge cha uhakika hakuna, ila lipo zoezi: kunusa vitu vyenye harufu kali asubuhi na jioni, taratibu, akijikumbusha kila kimoja kilivyokuwa kikinukia. Lingechukua miezi.

"Hata likichukua mwaka, nitanusa," akasema.

Akapanga dirishani chupa za karafuu, ndimu, kahawa na sabuni ya unga. Kazini nako akaanza kujifunza upya. Nguo haikutoka kambani kabla hajaigusisha shavuni, kwenye kola, kwapani na ndani ya mifuko, mahali unyevu unapojificha. Akihisi ubaridi, inarudi juani. Pasi aliijaribu kwanza kwenye kitambaa cheupe, na akiishika hakufungua mdomo, hata wifi amletee umbea mtamu kiasi gani. Wifi ndiye aliyenusa kila furushi kabla halijatoka.

"Nimesoma miaka yote ile nije kuajiriwa pua," alilalamika, huku akinusa.

Mama Mkunjo aliwaambia wateja ukweli. Wengine walihama. Mwalimu aliacha shati moja la majaribio. Juma lililofuata akaleta furushi zima.

Chupa ndizo zilizomchosha. Zipo asubuhi alipoziinamia machozi yakamtoka, akajifuta, akafungua inayofuata. Kilichomuuma zaidi ni kulala karibu na mumewe na kuhisi yuko mbali, kwa kuwa harufu yake haikuwepo. Hakumwambia. Lakini siku moja alimkuta mumewe dirishani akimwaga kahawa ya zamani na kutia mpya.

"Ile ilikuwa imechuja," mume akasema bila kugeuka. "Ungenusa nini?"

Halafu asubuhi moja akafungua chupa ya sabuni, akaruka nyuma. "Mpira! Inanuka mpira unaoungua!"

Mumewe akanusa. "Mbona ni sabuni tu?"

Kahawa nayo ikanuka mpira, na karafuu vilevile. Daktari akamwambia asiogope: mishipa inaamka, na mwanzoni huchanganya mambo.

"Na mimi nanuka?" mumewe akauliza aliposikia habari hizo.

Akamnusa shingoni. "Vibaya sana," akasema, akamkumbatia asimwachie.

Hadi leo kahawa haijakaa sawa, na sabuni anaishika akiwa amejifunga leso puani. Ndimu ndiyo iliyorudi kamili. Siku alipoinusa chupani, alimaliza kwanza kunyoosha mashuka ambayo mteja alikuwa akiyasubiri mlangoni, ndipo akaingia uani, akakata ndimu nyingine na kuinusa peke yake.