Mikono Ndani ya Soksi

Mikono yangu ilikuwa inakwaruza, hilo sikatai. Ni tumbaku hiyo. Kwangu Namtumbo nimechuma na kutunga majani tangu usichana, na ule ulimbo wake mweusi ukigandia kiganjani unautoa kwa mchanga. Sasa mchanga nao hauchagui, unaondoka na ulimbo unaondoka na ngozi. Zinabaki sugu na mipasuko, ukipitisha mkono kwenye nguo laini nyuzi zinanasa.

Basi mwanangu wa mwisho akapata mtoto, Songea mjini. Kwetu bibi ndiye anayeogesha kichanga na kumkanda, kwa hiyo nikafunga kitenge nikapanda gari, nafurahi mpaka kondakta akaniuliza naenda harusini. Nimefika, nimenawa, nimempitisha mtoto mkono mgongoni tu hivi, akalia. Tukaangalia, kuna mstari mwekundu.

Mkwe wangu hakunisema vibaya, ana adabu yule. Alisema tu, "Mama, tusubiri kwanza mikono ilainike, ndiyo utamwogesha."

Akaleta kopo la mafuta ya mgando na soksi nyeupe za mumewe. Nikinawa, mikono ikiwa bado na umajimaji, napakwa mafuta, halafu navalishwa soksi. Asubuhi hivyo, nikishakula hivyo, nikitaka kulala hivyo. Sabuni ya unga nisiiguse, sufuria nisisugue, hata mchicha wa kuchambua nikanyang'anywa. Nikimlalamikia mwanangu, anacheka.

"Mama, si upumzike? Umelima maisha yako yote."

Kupumzika gani huko? Wewe umewahi kukaa kutwa na soksi mikononi? Pua ikiwasha unaisugua begani kama mbuzi. Mtoto anaogeshwa chumba cha pili, nasikia maji yanamwagika, na mimi niliyefunga safari kwa ajili ya maji hayo nimekaa kitandani kama mfungwa, nanukia mafuta.

Siku moja upepo ulivuma, ule wa baridi wa mwezi wa saba unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mkwe akamlaza mtoto chumbani kwao, akanivutia mlango wangu nisipigwe na upepo, akasema anafika dukani mara moja. Hajafika mbali, mtoto akaamka.

Nikaenda mlangoni. Kitasa chenyewe ni cha mviringo, cha kuzungusha. Nazungusha, soksi inateleza. Nikavua soksi kwa meno, ndiyo kwanza ikawa mbaya zaidi, mafuta matupu. Nikajifuta kwenye kitenge, nikazungusha tena, wapi. Mikono imekuwa kama kambale. Mtoto anapandisha sauti, na mimi nimebandika shavu kwenye mbao.

"Nyamaza baba, bibi yupo. Bibi amefungiwa na mafuta."

Nikamwimbia nyimbo za Kingoni za watoto, zikaisha. Nikaingia zile tunazoimba kwenye pombe. Mtoto hakunyamaza, ila mimi sikuacha, maana ningeacha ningelia na mimi.

Mkwe aliporudi alimchukua mtoto kwanza, ndipo akanifungulia.

"Mama, mbona hukutoka?"

"Nitatokaje? Umenilainisha mpaka mlango umenishinda."

Akacheka huku amejificha nyuma ya mtoto. Nikacheka na mimi, na nikamwambia mle mle kwenye kicheko: "Mwanangu, mimi nilikuja kuogesha mtoto. Kama haiwezekani niambie, kesho nirudi nikashike jembe langu. Humu ndani siwezi tena."

Akanishika mkono, akaupitisha kwenye shavu lake, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Umelainika, mama. Ila hapa kwenye dole gumba bado panakwaruza."

"Basi hilo nitaliweka pembeni."

Asubuhi yake nikapewa mtoto na beseni. Nikamwogesha kwa vidole vingine vyote, madole gumba nimeyasimamisha juu kama mtu anayesimamisha lori. Mtoto katulia, anatazama dari. Mama yake alisimama mlangoni mpaka mwisho, na nakwambia kweli, hakumwangalia mtoto hata kidogo. Alikuwa anayalinda yale madole.