Picha Moja Iliyobaki

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kaka yangu alikuwa Ulaya anasomea uhandisi, na barua zake zilichelewa kufika Kilosa kiasi kwamba habari za baridi tulizisoma wakati yeye keshavua koti. Siku moja bahasha ilikuja na picha ndani. Kaka amesimama kwenye uwanja wa mawe, nyuma yake maji yanaruka juu kutoka mdomoni mwa samaki wa shaba.

Mama aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaitazama mpaka nikachoka.

"Maji yote hayo yanamwagika," akasema, "na hakuna hata mtu mmoja mwenye ndoo?"

Nikamsomea barua. Kaka aliandika kwamba mji ule mtu anaweza kuumaliza wote kwa miguu, na kwamba kila kona unayokata inafaa kupigia picha. Mama akanisimamisha hapo, akataka nirudie. Nikarudia.

"Wanatembea kwa miguu," akasema. "Kwani sisi hapa tunapaa?"

Mistari ya mwisho hakutaka niirudie. Kaka alisema mwalimu wake amemwambia kwamba akimaliza masomo anaweza kupata kazi kulekule, na kwamba yeye bado analifikiria jambo hilo. Mama aliinuka akaenda kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Mimi sina subira na nina mdomo, kwa hiyo nikamwambia kwamba mtu akishaanza kulifikiria jambo la namna hiyo, ujue mizigo keshafungua na kitanda keshatandika. Mama aliendelea kupuliza.

"Ameusahau mji wake tu," akasema mwishowe. "Tumpelekee picha. Aone kama na huku hakuna kona."

Kamera alikuwa nayo mjomba, mdogo wake mama. Aliachiwa na mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyefunga virago. Mjomba alikuwa fundi baiskeli, na kabla ya kamera hakuwa amewahi kupiga hata picha moja, lakini baada ya kuipata aliongea kama aliyezaliwa nayo mkononi. Tulipofika kwake alitoka akasimama kando ya baiskeli yake kama mtu anayetaka kukutambulisha kwa mkewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nataka picha."

Mjomba akakuna kichwa. Mkanda ulikuwa umebaki picha moja. Zilizotangulia alikuwa ameipiga baiskeli: kwa mbele, kwa nyuma, imesimama, imelala, imeegemea ukuta, na moja ambayo mpaka leo anasema ni ya kengele peke yake. Mkanda mwingine haukuwepo Kilosa, na Morogoro nako walikuwa wanaambiwa wasubiri.

"Basi hiyo moja," akasema mama. "Lakini iwe mahali pa maana."

Mjomba alikuwa na sheria moja, na kwa kweli haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya watu wote wa kwetu. Picha ya kumkata mtu kifuani ni ya kitambulisho, ya mtu anayetafutwa na polisi. Picha ya kumpelekea ndugu lazima ioneshe mtu mzima mzima, tangu kilemba mpaka kiatu. Na hapo pakawa na shida, kwa sababu mama hakuwa na viatu. Maisha yake yote alivaa makatambuga yaliyokatwa kwenye tairi, na makatambuga hayaendi Ulaya. Nikamwazima viatu vyangu vyeupe vya kufundishia shuleni, vyenye kishikizo pembeni. Mimi nina mguu mdogo. Mama aliviingia kwa kusukumwa, mimi nikishika kisigino na mjomba akishika mabega.

"Vinanitosha," alisema, macho yamemtoka.

Tukaanza asubuhi na stesheni, maana mama aliona reli ndiyo heshima ya Kilosa. Mjomba hata kamera hajaitoa kwenye mfuko, askari akatokea. Hakuna kupiga picha reli. Mjomba akamweleza kwamba hatupigi reli, tunampiga dada. Askari akauliza, dada amesimama juu ya nini? Mama alikuwa amesimama juu ya reli.

Tukaenda boma, lile jengo la enzi ya Mjerumani lenye kuta nene. Mama alilipenda kwa sababu lilikuwa la mawe kama ya kule kwa kaka, na kwa sababu lilikuwa na ngazi ya kukalia. Karani mmoja akachungulia dirishani akasema hapa ni ofisi ya serikali, tulete barua ya balozi wetu wa nyumba kumi ya kututambulisha. Tukarudi mtaani. Balozi wetu alikuwa mtu mwema mwenye koti moja na faili moja, na vyote viwili alikuwa navyo kila wakati. Aliandika barua taratibu, akaipuliza wino, kisha hakutupa.

"Tutakwenda pamoja," akasema. "Shughuli yenye barua yangu lazima nionekane naisimamia."

"Kuonekana wapi, ndugu balozi?" mjomba akauliza.

"Pichani."

Akaingia ndani akatoka na jembe. Alisema picha inayokwenda nje ya nchi bila jembe itafanya watu wadhani hapa hatulimi, na akataka mama alishike.

"Mwanangu kama amekimbia kitu, amekimbia jembe," mama akamjibu. "Halafu mimi nimtumie jembe?"

Wakakubaliana balozi alishike mwenyewe. Tuliporudi boma, barua ilikubaliwa, lakini jua lilikuwa limehama na ngazi yote ilikuwa kivulini. Mjomba akasema kwenye kivuli mama atatoka kama mkaa. Nikamwambia na yeye atatoka hivyohivyo nikimpiga kwa jembe la balozi. Tangu asubuhi nilikuwa nimevaa ndala na hata mimi miguu ilikuwa inawaka.

Sokoni ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Wauza nyanya, wote wanamfahamu mama, waliacha nyanya zao wakaanza kumuuliza anaolewa na nani. Mama alipita katikati yao kidete, kila hatua anaitua kama anakanyaga makaa, na akasema hapa hapafai, pana kelele. Mimi nikamkumbusha kwamba picha haisikii. Mjomba akatoa wazo la Mikumi, kwamba tungeomba lifti ya lori tukapige na twiga kwa nyuma.

"Nataka aone ana mji," mama akasema. "Wanyama atasema hata kule wanao, wamewafungia."

Jioni ilipokaribia tulikuwa tumeumaliza mji mzima kwa miguu, kama kaka alivyoumaliza wake. Tukaishia ukingoni mwa Mkondoa, mahali ambapo mto unapinda na milima inaonekana yote kwa nyuma. Sikuwahi kuona kama panapendeza mpaka siku ile, na niliona hasira kidogo kwamba nimepita pale tangu utotoni nikichota maji bila kuinua kichwa. Mama naye alisimama, akaugeukia mto. Kisha akasema, "Hapa."

Tukampanga. Balozi akasimama nyuma kidogo, koti limefungwa vifungo vyote, jembe begani, faili kwapani. Mjomba akaweka jicho kwenye kamera. Milima aliipata, viatu hakuvipata. Akarudi nyuma hatua moja. Viatu akavipata, jembe likakatika. Akarudi tena. Mama alivumilia mpaka pale, halafu akainama, akafungua vishikizo, akavivua viatu.

"Nitavivaa ukiwa tayari," akasema. "Miguu yangu si ya serikali."

"Usitikisike, dada!" mjomba akapiga kelele, akarudi nyuma hatua nyingine, na hiyo hatua haikuwa na ardhi. Nyuma yake kulikuwa na mfereji wa majaruba ya mpunga. Nilimwona akienda chini chali, kamera ameikumbatia kifuani, na katikati ya anguko lake nikasikia sauti ndogo tuliyoisubiri tangu asubuhi.

Ka-cha.

Mkanda ulikwenda Morogoro kusafishwa na ukarudi na picha nyingi nzuri za baiskeli. Ile ya mwisho ilikuwa imelala upande. Milima inateremka kama inataka kumwagika, balozi ni mdogo kule nyuma amelikumbatia faili, na mbele, akimkimbilia ndugu yake anayeanguka, yuko mama: kilemba kimefunguka, mdomo wazi, viatu vyangu vyeupe mkononi, na mguu mmoja mtupu wenye tope umeijia kamera mpaka unakaribia kutoka kwenye karatasi. Mguu ulikuwa mkubwa kuliko balozi.

Mama aliiangalia mara moja tu.

"Ichome," akasema. "Akiona hii harudi kabisa."

Aliumia, nilimwona. Siku mbili hakunitania hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimetembea siku nzima kwa ajili ya ile picha, na sikuwa tayari kuichoma. Nikaitia kwenye bahasha bila kumwambia, nikaandika nyuma maneno machache tu: Ukingoni mwa Mkondoa, tulikuwa tunakutafutia kona. Nikaipeleka posta. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na niliogopa miezi mitatu.

Jibu la kaka lilikuwa fupi kuliko barua zake zote. Aliandika kwamba picha ameipata, na kwamba akimaliza mitihani anakuja. Mama akaniuliza, picha ipi? Nikamwambia labda ya baiskeli.

Tulimpokea stesheni mchana, askari yuleyule akitutazama mikono kwa wasiwasi kama tuna kamera. Kaka alishuka na sanduku moja na boksi. Alipomaliza kumwamkia mama, akapiga goti palepale kwenye changarawe akafungua boksi. Viatu vya ngozi, vyeusi, vinang'aa. Alitueleza kwa furaha kwamba hakuwahi kujua namba ya mguu wa mama, kwa hiyo aliupima kwenye picha kwa rula, akaulinganisha na urefu wa balozi, ambao aliukumbuka vizuri, akapiga hesabu. Aliposema picha, mama akanikata jicho. Karatasi ya hesabu alikuwa nayo mfukoni. Mpaka leo anashikilia kwamba hesabu zilikuwa sahihi na kosa ni la mjomba kuanguka.

Paka mwenye mimba angelala ndani ya kimoja na kuzaa. Mjomba akageuka akawa anatazama injini ya treni. Mimi niliuma mdomo mpaka ukaniuma kweli.

Mama akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili.

"Vinanitosha," akasema.

Na akaanza kutembea. Hakutaka twende nyumbani moja kwa moja, alitaka mwanawe auone mji. Akampitisha boma, akamwonyesha ngazi. Akampitisha sokoni, kichwa juu, viatu vikipiga ardhi pa, pa, pa, na wauza nyanya safari hii wakainuka kumsalimia. Tulipokata kona ya kuelekea mtoni, kiatu cha kushoto kilibaki barabarani. Mama alijua. Mtu hawezi asijue. Lakini angegeuka ingekuwa amekubali kwamba ni kikubwa, kwa hiyo aliendelea mbele, mguu mmoja na kiatu, mmoja na vumbi, akionyesha milima kwa kidole.

Kaka alikiokota, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakiweka kwapani. Alimfuata nyuma hivyohivyo mpaka ukingoni mwa mto.

"Na hapa ndipo penye kona yetu," mama akasema, bila kugeuka.