Bawa la Kupandia

Wiki iliyopita nilipanda bodaboda kutoka Kasulu mjini hadi Heru Juu, kwa kaka yangu, anayejenga banda la kuku wa kisasa pale ilipokuwa nyumba ya bibi. Sijafuta hata vumbi, binti yake akanishika mkono. "Shangazi, njoo uone kuku mwenye meno." Akanipa simu. Kwenye picha alikuwamo mnyama mdogo wa ukubwa wa jogoo, mkia mrefu wa kimjusi, kucha mikononi, meno mdomoni, na mwili mzima manyoya. Dinosaria huyo, akaniambia. Mimi dinosaria niliowajua ni yale majitu yaliyochimbuliwa Lindi. Kumbe walikuwapo na wadogo wenye manyoya, na wataalamu wanasema ndege wametokana na ukoo huo. Manyoya yalitangulia, kuruka kukaja baadaye.

Kaka yangu alikuwa anakoroga saruji. Akauliza kwa kejeli, "Sasa bawa lisiloruka lilikuwa la nini? Pambo?" Mafundi wakaangua kicheko. Rafiki yangu, nilihisi damu inanipanda kichwani, maana swali hilo niliwahi kulisikia nikiwa mtoto, papo hapo uwanjani kwa bibi.

Wewe uliyekulia huku unajua nyumba zetu zinavyojengwa. Kilima hakina tambarare, kwa hiyo mtu huchimba ubavu wa mlima mpaka apate kiwanja, na nyuma ya nyumba hubaki ukingo wa udongo mwekundu, umesimama karibu kama ukuta. Ukingo wa bibi ulikuwa mrefu kuliko mtu mzima, na juu yake kulikuwa na vichaka vya lantana vilivyoshonana. Chini yake ndipo jiko lilipokuwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya maharage yaliyoungwa kwa mawese, naiona ile rangi nyekundu, na bibi ameinama anasonga ugali wa muhogo huku akigombana na moshi.

Mwezi wa sita, baridi ikiuma, maharage yaling'olewa na kuletwa uwanjani kukauka kabla ya kupurwa kwa fimbo. Huo ulikuwa msimu wa vita na kuku. Bibi alikuwa na desturi yake: kabla maharage hayajatandazwa, kila kuku mkubwa alikatwa manyoya ya bawa moja kwa wembe, asiruke ua wa matete na kuingia uwanjani. Vifaranga hakuwagusa. Walibaki na mama zao nyuma ya nyumba, wakiparua takataka.

Mwaka huo bibi alikuwa amenipa kuku wangu, tetea mweusi mwenye madoa shingoni. Kwetu mtoto akipewa kuku amepewa heshima. Alikuwa ametotoa, na nilikuwa nikiwahesabu vifaranga wake asubuhi kabla sijanawa uso. Bibi alinipa na sharti: "Mwana wanje, mwanangu wee, kikionekana kifaranga chako hata kimoja kwenye maharage yangu, mama yao anaingia chunguni." Bibi hakuwa mtu wa utani kwenye maharage.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wangu, kijana wa mkoa mwingine aliyepangiwa kazi huku, naye alifuga kuku. Alikuja akasimama uani, mikono nyuma, akamshauri bibi akate na vifaranga kabisa, ili wakikua wasisumbue. "Hawajajua kuruka, bibi. Bawa lisiloruka ni la nini? Hawatapoteza kitu." Wa kwake alikuwa ameshawakata. Bibi, ambaye hakuwahi kukubali ushauri wa mtu juu ya kuku, safari hii akaitikia kwa kichwa na kunyoosha mkono kuchukua wembe. Si mwalimu kasema?

Nikamkumbatia tetea wangu, nikasema hawakatwi. Wote wawili wakanitazama. Mimi mtoto wa kike, pua inachuruzika, nambishia mwalimu mbele ya bibi! Lakini nilikuwa nimekiona kitu ambacho wao hawakukiona, kwa sababu wao hawakukaa nyuma ya jiko kutwa nzima na vifaranga. Mama yao alipoukwea ukingo, wao walimfuata. Walikuwa na vimanyoya viwili vitatu tu mabegani, hata chungu wasingeweza kukiruka. Wakifika ukingoni walipigapiga vile vibawa kwa kasi, miguu nayo inakimbia, mwili umeng'ang'ania udongo, hao, mpaka juu. Hawakuwa wanaruka. Mabawa yalikuwa yanaisaidia miguu. Niliwahi kukifunga kimoja mabawa kwa uzi wa mgomba, taratibu. Kikapanda kidogo kikateleza, kikapanda kikateleza. Nilipokifungua kikaenda juu bila kugeuka.

Nikawaeleza hivyo. Mwalimu akacheka, si kwa ubaya, akasema mtoto huyu ana maneno. Bibi akaurudisha wembe. "Haya. Walinde mwenyewe. Ila sharti langu liko palepale."

Basi nikalinda. Wenzangu wakapura maharage wakiimba, wakarushiana makapi, wakala viazi vya kuchoma, na mimi nimesimama na kijiti kati ya vifaranga na uwanja. Nilitukanwa mchawi wa kuku. Nyoo! Waache waseme.

Shuleni nako mambo yaliniandama. Kwenye jaribio mwalimu aliuliza kazi ya bawa la ndege. Nikaandika: kupandia, na baadaye kurukia. Akanipa kosa. Akaniambia nisahihishe, niandike kurukia peke yake. Nikakataa. Nikapigishwa magoti mbele ya darasa mpaka kengele ya kutoka, na nilipoulizwa tena nikajibu vilevile. Magoti yaliuma, sikufichi, na nililia nikiwa njiani.

Halafu siku moja mchana, fimbo zikiwa zinalia uwanjani, nguchiro alitokea kwenye mihogo. Kuku wa mwalimu walikuwa wamevuka kuja kwetu, vifaranga wake na wangu wakiparua pamoja. Matetea wakapiga kelele na kukimbilia ukingo, vifaranga wote nyuma yao. Wangu wakapigapiga mabawa wakapanda, wakazama kwenye lantana. Wa mwalimu wakapanda hadi usawa wa goti, wakarudi chini, wakapanda tena, wakarudi. Nilimrushia nguchiro kijiti, nikapiga mayowe, watu wakaja mbio. Alikuwa ameshawaumiza wengi wao, na mmoja aliondoka naye mdomoni.

Mwalimu alichuchumaa pale chini akawaokota mmoja mmoja. Sikufurahi, nakuapia. Nilimwonea huruma. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama wangu wamepona. Nikasema wamepona. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na lile kosa kwenye jaribio hakulifuta kamwe. Ila usiku ule bibi alinipakulia migebuka miwili, samaki wa ziwani, na wembe haukugusa kifaranga cha mtu pale nyumbani mpaka alipofariki.

Hayo ndiyo yaliyonijia kaka akicheka na mafundi wake. Binti yake akaniambia wataalamu wenyewe bado wanabishana: wako wanaosema wale dinosaria walianza kwa kuruka kutoka mitini, na wako wanaosema walikuwa wakikwea miinuko huku wakipiga mabawa. Mimi simsubiri mtu. Nikamshika mkono tukaenda nyuma, kwenye lundo la udongo waliochimba mafundi, ambako tetea wa kienyeji wa jirani alikuwa anatembeza wanawe. Nikapiga makofi. Tetea akakimbilia juu ya lundo, na vifaranga nyuma yake, vibawa vinapigapiga, mpaka kileleni.

"Wamekimbia tu hao," kaka akasema.

"Thubutu! Wafunge mabawa uone."

Akarudi kwenye saruji yake. Ukingo mwekundu haupo, greda limeusawazisha. Lantana imeng'olewa. Kuku watakaokaa bandani mwake watanenepa wakiwa wamekaa, hawatapanda chochote mpaka siku ya kuchinjwa. Bibi yuko chini ya migomba, na mwalimu alihamishwa zamani, sijui hata kama yu hai.

Mwalimu, kama upo, sikudai radhi. Ila lile kosa sikulikubali siku ile na silikubali leo. Niulize tena kazi ya bawa. Magoti yangu bado yana nguvu.